Mkono Ulioshika Faili

Hebu vuta picha: chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa magodoro ili kelele za nje zisipenye, na mezani kompyuta moja inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Humo ndimo jirani yangu, fundi wa sauti, alimorekodi vitabu vya shule kwa ajili ya watoto wasioona. Msomaji alikuwa dada yake, mpaka ugonjwa ulipomchukua. Kitabu chake cha mwisho, saa sita kamili, kilibaki kwenye diski. Rekodi nyingine ya sauti yake haikuwepo popote.

Asubuhi moja, baada ya msiba, walikuwa waanze kitabu kipya. Kompyuta ikagoma, diski ilikuwa imejaa pomoni. Mwenye studio, ambaye ndiye mume wa marehemu, akachungulia mlangoni na kumwambia fundi alifute lile faili kubwa la kitabu cha mwisho. Fundi akasita. Akauliza mara mbili kama kweli nakala ipo.

"Nimeshanakili, shemeji. Kwani mimi si mume wake? Futa."

Akafuta. Jina la faili likatoweka. Lakini nafasi haikuongezeka hata chembe.

Hilo halikumshtua. Kwenye kompyuta za aina ile, ukifuta faili huku programu fulani bado imelishika, faili hujificha tu. Halifi mpaka aliyelishika aachie. Basi akaiamuru mashine imtajie nani kalishika.

Ikamtajia. Jina la dada yake.

Akaunti ya dada kwenye mashine hiyo fundi aliifunga kwa mkono wake mwenyewe, wiki ya mazishi. Na mashine ilikuwa imewashwa saa moja tu iliyopita, hivyo hakuna programu ya zamani ambayo ingebaki wazi.

Akafungua diski ya akiba, ambamo nakala ilipaswa kuwemo, ili autulize moyo.

Tupu.

Akageuka. Shemeji yake alikuwa bado mlangoni, macho sakafuni. Akaeleza kwa shida kwamba mwezi ujao anaoa, na kwamba amechoka kuisikia sauti ile ikipenya ukutani licha ya magodoro.

"Izime hiyo programu," akanong'ona. "Mwache apumzike."

Kuizima kungeiua sauti milele. Fundi akalinakili faili kutoka kwa huyo aliyelishika, akalipeleka kwenye diski ile tupu. Likafika lote. Papo hapo jina la dada likaondoka lenyewe. Nafasi ikaachiwa.

Akalitazama faili urefu wake. Saa sita na dakika mbili.

Akavaa hedifoni. Akasogeza mpaka mwisho.

"Nimeshanakili, shemeji. Kwani mimi si mume wake?"

Ilikuwa sauti ya shemeji, maneno yake ya asubuhi ile ile. Lakini maikrofoni ilikuwa kabatini, haijachomekwa tangu msiba.

Kisha ikasikika pumzi. Karibu sana. Kisha ukurasa ukafunuliwa, polepole, kama afanyavyo msomaji anayejiandaa kuendelea.

Dakika mbili hizo zipo mpaka leo. Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukiambiwa nakala ipo, hata na mtu wa nyumbani, ifungue kwanza uisikilize.