Mchumba wa Kuishia Njiani

"Shangazi, kaa chini basi, unaziba televisheni!"

"Nikae vipi na mkwe wangu yuko mbele ya dunia nzima? Hebu mwoneni! Anavyowaburuza watoto wa watu!"

Sebule yetu ilijaa siku ile. Majirani walikaa hadi kwenye mikono ya makochi, na waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Mimi nilijibanza kando ya kabati la vyombo, nimeshika trei tupu, maana aibu yangu ilihitaji kitu cha kushika. Kwenye televisheni, kijana mwembamba mwenye fulana ya manjano alikuwa anaongoza mbio za mita elfu kumi. Mtaani walimwita Bingwa. Wiki iliyofuata wazee wake walikuwa waje kwetu kuleta posa.

Tulikutana kwenye duka la dawa nilikofanya kazi baada ya kumaliza chuo. Aliingia akichechemea, akainamia kaunta.

"Dada, una plasta isiyobanduka mtu akikimbia?"

"Inategemea unamkimbia nani," nilijibu, macho sakafuni. Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Alicheka, kesho yake akarudi kununua plasta nyingine, na keshokutwa nyingine. Vidole vya miguu vya binadamu ni kumi tu, lakini yeye alinunua za kutosha jongoo.

"Fundi," jirani mmoja alimwambia Baba, "huyo akishinda hapo, mahari unataja mwenyewe. Wale wanalipwa dola si mchezo."

"Mimi siuzi binti," Baba alijibu. "Nataka mwanaume anayemaliza kazi, basi."

Hakumaliza hata kumeza mate. Mizunguko ikiwa bado mingi, Bingwa aligeuka nyuma kidogo, akasogea pembeni, akaingia kwenye nyasi za katikati ya uwanja. Akasimama, mikono kiunoni. Wenzake wakampita kama hawamjui.

"Ameumia?"

"Mbona hachechemei?"

"Jamani, anatabasamu! Na makofi anapiga!"

Kicheko kilianzia dirishani, kikaingia ndani. Shangazi, aliyenilea tangu mama afariki, alijifunika uso kwa khanga. Baba alichukua rimoti, akazima.

"Wale wageni wa wiki ijayo," aliniambia bila kunitazama, "waambie wasije. Binti yangu haolewi na mtu wa kuishia njiani."

Jioni simu iliita. Nikatoka nayo hadi kwenye kamba ya nguo, nikasimama katikati ya mashuka.

"Umeniona?" aliuliza.

"Nimekuona ukitoka."

Nilisikia kelele za hoteli nyuma yake, milango na lugha nisizozijua.

"Mpenzi, ile ndiyo kazi yangu. Wenyewe wanatuita sungura. Natangulia kwa kasi waliyoitaka, nakata upepo, bingwa wa kweli anajificha mgongoni kwangu. Nikifika tulipokubaliana, natoka. Yeye anaendelea na kushinda."

"Miezi yote hii hukuniambia."

"Nilikuambia nalipwa hata nisiposhinda. Hukuuliza kwa nini."

"Ningekuulizaje? Mimi niliyeshindwa hata kukuuliza kama unanipenda?"

"Nakupenda," alisema haraka, kama mtu anayewahi kabla salio halijaisha.

Nilishika shuka moja, nikalikunja likiwa bado bichi. "Na hizo dola wanazosema?"

"Za kushinda ni za anayeshinda, na hata yeye husubiri miezi mpaka majibu ya vipimo vya dawa za kuongeza nguvu yatoke. Zangu zimeandikwa kwenye mkataba, hazipandi hazishuki. Wakala anakata chake, kodi inakatwa hukohuko, kocha ana fungu lake. Kinachobaki kinalipa chumba na karo ya mdogo wangu. Nikirudi, mtaa mzima unapanga foleni kuniomba. Nikisema sina, naitwa mchoyo. Nikaona bora niitwe mchoyo kuliko waseme nimelipwa kuwasindikiza wenzangu."

Nilimwambia kwamba Baba amekataa posa. Sikumsikia akilia, ila alikohoa kidogo, akaniambia nimsalimie.

Mwezi mzima hatukuzungumza zaidi ya salamu. Kisha, siku moja kabla ya mbio zake nyingine, nikiwa napanga dawa za kikohozi, ujumbe ukaingia:

"Kesho sitoki. Naweza kumaliza, kocha mwenyewe anajua. Baba yako ataniona nikifika mwisho."

Nikaandika: "Na mkataba?"

"Utavunjika. Hawataniita tena. Lakini nitakuwa nimekupata wewe."

Nilisoma mara mbili. Nikavua koti jeupe, nikamwomba mwenzangu anishikie kaunta, nikapita nyumbani kuchukua chakula cha Baba cha mchana.

Baba yangu alikuwa fundi wa misingi. Nilimkuta kwenye kiwanja cha watu, amevaa viatu vya mpira, zege bichi hadi kwenye visigino.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Weka hapo kivulini. Mbona leo umeleta wewe?"

Ulimi wangu ulikuwa mzito kuliko mifuko ya saruji iliyokuwa pale.

"Baba, hii nyumba itakuwa na ghorofa ngapi?"

"Mbili."

"Utaijenga mpaka juu?"

"Mimi? Mimi naishia hapa." Alionyesha kwa mwiko. "Nikizidisha, naharibu kazi ya mwenzangu."

"Na siku ya kuhamia, watakualika?"

Baba alicheka. "Nani anamwalika fundi wa msingi, mama? Watu wanasifia paa. Msingi uko chini, hauonekani."

"Basi na yule..." Sauti ilinitetemeka, lakini nikaing'ang'ania. "Na yule kijana kazi yake ni hiyo. Anatangulia, anawawekea wenzake kasi. Akifika walipokubaliana, anatoka. Hakushindwa siku ile, Baba. Alikuwa amemaliza."

Aliweka mwiko chini. Zege likasubiri.

"Kwa hiyo wanamlipa atoke?"

"Wanamlipa awafikishe. Halafu atoke."

"Na asipotoka?"

"Anaharibu kazi ya mwenzake. Na kesho anataka kufanya hivyohivyo, ili wewe umwone ni mwanaume."

Baba alijifuta mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole.

"Wewe umeanza lini kuongea namna hii?"

"Leo."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Harakisha, zege linaganda."

Nilipiga, nikampa simu. Aliishika mbali na sikio, kama anayeogopa itamwagika.

"Wewe kijana! Ndiyo, ni mimi. Marahaba, marahaba. Nasikia kesho unataka kukimbia mpaka mwisho. Mlikubaliana utoke wapi? Katikati? Haya, sikiliza. Ukifika hapo, toka. Ukiongeza hata hatua moja, binti sikupi."

Akanirudishia simu yenye alama za saruji. Upande wa pili nikasikia mtu mzima akicheka na kuvuta kamasi kwa wakati mmoja.

Kesho yake sebule ilijaa tena. Safari hii wengi walikuja kucheka. Fulana ya manjano ilitangulia, ikawavuta wengine nyuma yake, na ilipofika katikati ikasogea pembeni na kuingia kwenye nyasi. Kabla mtu hajafungua mdomo, Baba alisimama akapiga makofi, peke yake. Majirani walimtazama kama mtu anayeshangilia msibani.

"Kazi imeisha hiyo," alisema. "Waliobaki ni mafundi wa kuezeka."

Posa ililetwa. Siku ya harusi, tulipoanza kutembea kuelekea mbele ya watu, Shangazi alipaza sauti kutoka nyuma:

"Bwana harusi! Humu hakuna nyasi za kuingilia! Leo ni mpaka mwisho!"

Ukumbi mzima ulicheka, na Baba ndiye aliyechelewa zaidi kunyamaza.

Miaka imepita. Kijijumba chetu kiko nyuma ya uwanja ambako mume wangu sasa anafundisha vijana kukimbia. Msingi wake aliumwaga Baba mwenyewe, akiwa tayari anakohoa kile kikohozi ambacho dawa zangu hazikukiweza. Kuta hakuziona.

Jioni mume wangu hukaa kizingitini, anajipaka dawa magotini, harufu yake ileile ya duka langu la zamani. Wakati mwingine hugonga sakafu kwa kisigino, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Mzee alitoka mapema," husema.

"Hapana," humjibu, kwa sauti ambayo siku hizi hainipotei. "Alitufikisha."