Stata Yenye Kutu

Kila akitoka shule, Jeska alivua sare yake, akaikunja vizuri, akala kiporo cha ugali, kisha akaenda bandani kumsaidia baba yake. Fundi Wenceslaus alitengeneza baiskeli, mashine za kusaga na trekta kuukuu la kijiji chao cha Buswahili. Jeska aliosha vyuma kwa mafuta ya taa, yakipatikana. Ilikuwa mwaka 1983, na hata sabuni watu waliisikia redioni tu.

Msimu ule stata ya trekta ilikufa. Stata ndiyo mota inayozungushwa na umeme wa betri ili injini iwake. Spea madukani hakuna. Kwa hiyo Baba alitafuta stata mbili za mitumba. Moja aliipata Mwigobero, mjini Musoma, imepakwa rangi ya bluu inayong'aa. Nyingine aliifungua kwenye trekta lililotelekezwa Bunda, nayo ilikuwa kutu tupu.

"Stata haitambulikani kwa sura," alimwambia binti yake. "Unahesabu meno ya gia, unasoma kibati chenye namba zake, halafu unaijaribu kwenye betri."

"Ndiyo, Baba," alijibu Jeska, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye bangili. Kipaimara kilikaribia, na rafiki yake Pelagia alikuwa na bangili ya shaba aliyowaringishia wenzake wote.

Siku moja Baba alikwenda Bunda kutafuta brashi za stata, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake. Jeska akaitazama ile yenye kutu akajiambia, "Hii ndiyo mbovu, nani ataijali?" Akaifungua, akachomoa utepe wa shaba uliozungushwa ndani, akaukata na kurudisha mfuniko. Jioni alikuwa na bangili yake.

Baba aliporudi akaifungua stata, alishika kichwa. "Wameiua! Ile ya bluu meno yake si ya trekta letu, ingetafuna gia yote ya injini. Nzima ilikuwa hii!"

Jeska akauficha mgongoni mkono wenye bangili.

Zaidi ya Baba, bandani waliingia watu wawili tu, Jeska na dereva wa trekta, Machage. Jeska alikuwa kiranja wa usafi. Machage alikuwa na shati lililochanika na kinywa chenye harufu ya gongo. Hakuna aliyemuuliza Jeska neno.

"Mhujumu tunaye hapahapa," alisema mwenyekiti wa kijiji, akimnyooshea Machage kidole.

Siku ya mnada Machage alitwishwa kichwani lile ganda la stata, akazungushwa sokoni huku mafuta machafu yakimtiririka usoni. Watoto walimfuata wakiimba, "Mwizi wa shaba! Mwizi wa shaba!" Jeska naye aliimba, tena kwa nguvu kuliko wenzake, bangili ikiwa imefichwa ndani ya soksi.

Mvua ikanyesha. Mashamba yalingoja, na bila trekta watu wangelala njaa. Mwenyekiti akamwita Machage mbele ya wanakijiji. "Shaba yetu umeila. Sasa mikono yako ndiyo iwe stata."

Akapewa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mbele. Machage alizungusha hadi jasho likamlowesha. Ghafla injini ikapiga kinyume, hendeli ikarudi kwa kishindo na kumvunja mkono wa kulia. Alilia kama mtoto. Baadhi ya watu walicheka, wakasema shaba imemtokea puani.

Jeska hakuweza kula. Alikwenda bandani, akaiweka bangili juu ya benchi. Baba aliitazama, akamtazama yeye. Hakumpiga.

"Ivae mkononi," alisema. "Twende."

Wakapita katikati ya kijiji, bangili ikionekana, na kila aliyeuliza, Jeska alimweleza kwa kinywa chake alichofanya. Waliocheka waliinamisha vichwa, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Baadaye Baba akachomoa utepe wa shaba wa ile stata ya bluu, ambao upana wake ulikuwa sawa, akaufunga ndani ya ile yenye kutu. Jeska aliosha kila kipande. Walipoijaribu kwenye betri, stata ilizunguka kwa nguvu, na kesho yake trekta likawaka. Ila kwenye kiti alikaa dereva mwingine.

Machage alikuwa pembeni, mkono umefungwa vijiti. Jeska akapiga magoti kwenye tope.

"Nisamehe, Mzee Machage."

"Nimekusamehe, binti yangu. Lakini fundi wa mifupa anasema mkono huu hautashika usukani tena, na msamaha wangu hauungi mfupa." Alilitazama trekta likipasua udongo. "Baba yako aliuziwa rangi kule Mwigobero. Kijiji nacho kikanunua rangi kwako. Mimi nilikuwaga mlevi, sikatai, basi wakaona kutu wakasema huyu mbovu. Usimpime mtu kwa sura. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajaadhibiwa kwa ajili yako."

Kisha akamnyooshea mkono wa kushoto kumwinua. Mtu mzima kumpa mtoto mkono wa kushoto si adabu, lakini hakuwa na mwingine. Jeska aliupokea kwa mikono yote miwili, akilia.