Msumari wa Jukwaa la Amsterdam

Siku ya mechi ya watani wa jadi, Peñarol na Nacional, Montevideo nzima haina mtu mwenye akili timamu. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na nje ya uwanja wa Centenario watu walisukumana kwenye meza ya mama muuza torta frita, mikate ya kukaanga ambayo bila mvua hakuna anayeikumbuka. Ulibaki mmoja. Mikono miwili ikaudaka kwa pamoja.

Mmoja ulikuwa wa Romina Etchart, skafu ya njano na nyeusi ya Peñarol shingoni, nywele chapachapa. Wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye skafu ya Nacional na saruji kwenye kucha.

"Dada, nimetangulia mimi."

"Umetangulia kuzaliwa, labda. Achia."

"Nikimwachia mtu wa Peñarol siku ya leo, nyumbani watanifungia mlango."

"Utalala nje. Si umeshalowa tayari?"

Kijana alicheka, akakata mkate na kumpa kipande kikubwa. Jina lake Milton Barboza. Wakaachana, yeye akaenda jukwaa la Colombes, Romina la Amsterdam, kila mtu kwa watu wake. Mechi iliisha, na Romina hakuweza kumsimulia mtu hata bao moja.

Kesho yake alikuwa kazini, akiwatembeza wageni uwanjani. "Ulijengwa mwaka 1930 kwa miezi isiyofika tisa," aliwaambia, "mafundi wakipokezana zamu. Siku ya kufunguliwa, zege lilikuwa bado bichi."

"Ndiyo maana leo natoka jasho mimi," sauti ikajibu kutoka juu. Alikuwa Milton, mwiko mkononi, amepewa kazi ya kuziba nyufa za Amsterdam.

Wageni walipoondoka, Romina alimwonyesha ngazi ya kumi na moja. Juu yake zilichorwa herufi mbili, E na A.

"Eusebio, baba wa bibi yangu. Alikuwa fundi hapa. Aurora, mama wa bibi, alikuwa akiwaletea mafundi chakula. Eusebio alishindwa kumtamkia, akamwandikia kwenye zege kwa msumari. Kila siku ya kuzaliwa kwake bibi huja kuweka kiganja hapa. Mwezi ujao anatimiza themanini na nane."

Milton alivua kofia. Hakufanya mzaha, na hapo ndipo moyo wa Romina ulipotekwa.

Wiki tatu walizunguka wakinywa mate, ile chai chungu ya majani ya huko, kwa kibuyu kimoja, chupa ya maji moto kwapani kwa Milton. Kila asubuhi simu ililia.

"Umeamka, kipenzi?"

"Nimeamka. Na wewe umeamka bado ni Nacional?"

"Pole. Siku moja nitalizika lile jukwaa lenu lote kwa saruji, tupumzike."

"Jaribu uone."

Jumatano, siku tatu kabla ya bibi kuja, Romina alipanda ngazi akakuta ya kumi na moja imepigwa lipu mpya, laini. Herufi hazipo. Akampigia.

"Umezifukia, Milton."

"Mpenzi, nisikilize, ile lipu..."

"Ulisema utafanya, ukafanya. Utani wenu wa Nacional mmeuleta mpaka kwa marehemu wangu. Usinipigie tena."

Milton alipiga mara kumi na tisa. Romina aliifunika simu kwa mto na kulia kama mtoto. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Bibi hakuambiwa kuhusu herufi, maana angeanzia wapi?

Jumamosi Bibi Delia alishuka kwenye teksi na koti lake jekundu, mkoba kifuani. Ngazi zote kumi na moja alizipanda kwa miguu yake. Juu, Milton alikuwa amepiga magoti, shati jeupe limepigwa pasi.

"Ondoka hapo," Romina alisema.

"Nikimaliza nitaondoka. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu aliyekuliza?" bibi alimuuliza mjukuu wake.

Milton alichomeka mwiko. Lipu ilimeguka kama biskuti, mchanga mtupu. Chini yake alivuta karatasi ya nailoni, na E na A zikatokea kama zilivyokuwa.

"Kikosi cha mashine kilikuja Alhamisi kuchimbua kila ngazi yenye ufa," alisema. "Wakaiona hii, wakasema imeshamalizwa, wakairuka. Nilitaka kukuambia, Romina. Mara kumi na tisa."

Bibi alishaweka kiganja chake mahali pake, macho kayafumba.

Pembeni ya herufi hizo palikuwa na kipande cha saruji mbichi, upana wa sahani. Milton alikuwa ameandika M, akabakiza nafasi.

"Msimamizi wa uwanja ameniruhusu," alisema akimgeukia Romina. "Nikuoe, nisikuoe? Itakauka baada ya saa chache. Sikuharakishi."

"Mimi naharakishwa," Bibi Delia alisema. "Nina themanini na nane."

"Hapa ni Amsterdam," Romina alisema huku akipangusa macho. "Ukibaki hapa, Colombes watakutenga."

"Siku ya mechi nitakwenda Colombes kuwazomea nyinyi. Jioni nitarudi nyumbani kwako."

Bibi alifungua mkoba akatoa msumari mkuukuu, umepinda katikati.

"Bonyeza sana," alimwambia mjukuu wake. "Baba alibonyeza mpaka ukapinda."

Romina alipiga magoti, akabonyeza R kwa mikono miwili.