Kikombe Kitupu

Kila asubuhi ya likizo, Upepo alifuatana na shangazi yake hadi maabara ya kupima mimea. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu ya haraka zake: alifagia mbio, na vumbi likabaki palepale. Maabarani alipewa kazi moja tu, kuosha vikombe vidogo vya kauri. Alitakiwa kuvisugua kwa sabuni, kuvipitisha kwenye maji ya bomba, kisha kuvisuuza mara tatu kwa maji maalumu yasiyo na chumvi yoyote.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya majani ya maharage kutoka shamba la bibi yake, yaliyokuwa yakigeuka manjano. Shangazi aliyakausha, akayasaga, akaweka unga kidogo katika vikombe na kuvitia tanurini mpaka ukawa majivu. Majivu yakayeyushwa kwa tindikali, mashine ikasoma madini yaliyomo. Kikombe kimoja hakikutiwa unga, lakini kilipitishwa hatua zote. Upepo alicheka kimoyomoyo. Nani hubandika sufuria tupu jikoni?

Alasiri shangazi alikunja uso. Kikombe kitupu, ambacho hakikupaswa kuonyesha kitu, kilionyesha magnesiamu, madini yanayoyapa majani rangi ya kijani.

Alimgeukia mwenzake mwenye miwani, aliyetayarisha tindikali, akamwambia ameichafua. Aimwage yote, na kesho ajieleze kwa mkuu. Yule bwana alivua miwani, akaifuta.

Upepo aliona aibu hadi masikio yakawaka. Jana yake alitaka kuwahi kucheza, akaishia kwenye maji ya bomba, ambayo yana magnesiamu.

"Shangazi, si yeye," alisema. "Ni mimi. Vikombe sikuvisuuza kwa maji maalumu."

Shangazi hakugomba. Kwanza alimwomba mwenzake radhi. Kisha akasema unga uliobaki ulitosha kupima mara moja tu, akamsogezea Upepo vikombe. Safari hii Upepo alisuuza akihesabu kwa sauti.

Kesho yake kikombe kitupu hakikuonyesha kitu. Majani ya bibi yalikuwa na upungufu mkubwa wa magnesiamu, uliokuwa umefichwa na maji ya bomba.

"Bila kikombe kitupu tungemwambia bibi shamba lake halina shida, naye angekosa mavuno," shangazi alisema. "Kikombe kilituonyesha kwamba kuna kosa, lakini hakikujua la nani. Ulijua wewe peke yako, mwanangu, na ukasema kungali mapema. Kosa lililosemwa tunaweza kulirekebisha. Haya, kaoshe vya leo. Polepole."