Okole Moja, Farasi Wawili

Watu wa Isiolo, sogeeni. Na wewe unayeingiza mbuzi mwenye upele katikati ya kundi siku ya soko, usijifanye husikii. Hadithi hii ni yako pia.

Halake wa Kiwanjani alikuwa mtu wa raha zake. Asubuhi alimsugua farasi wake Magal mbele ya nyumba, mkewe Qabale akichemsha chai ya maziwa, na kila aliyepita akamsalimu, "Salaam aleikum, Abba Magal!" Yaani baba wa Magal. Kwa Waborana, mwanamume kuitwa kwa jina la farasi wake si jambo dogo, na Halake alilipenda jina hilo kuliko chakula.

Rafiki yake alikuwa Ekidor, Mturkana wa Bulla Pesa, aliyewahi kuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la mzungu huko Timau. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia trela ya farasi na farasi jike mweupe, Nakwang. Siku za kazi Nakwang alivuta mkokoteni wa maji, na maji hayo ndiyo yaliyomlisha Ekidor, mkewe Elizabeth na watoto wao. Siku ya mashindano Nanyuki, alikimbia.

Sasa, Ekidor alikuwa na trela lakini hana gari. Halake alikuwa na Landrova lakini hana trela. Na mwaka ule wa 1980 petroli ilikuwa taabu tupu. Wakakubaliana: farasi wote wawili trela moja, gari moja, mafuta nusu kwa nusu. Kuna ubaya gani hapo? Hakuna. Ubaya uliletwa na mtu.

Wiki ya mashindano, Qabale alimpelekea Magal majani, akaona kamasi nzito puani na uvimbe chini ya taya.

"Baba Asli, huyu mgonjwa. Asiende."

"Ni vumbi."

"Vumbi gani linavimbisha taya? Kisimani kwetu, mwenye mnyama mgonjwa anapiga kelele kabla hajafika, ili wengine wanyweshe kwanza. Babako alikuwa anapiga kelele. Mwambie Ekidor!"

Halake alijua mkewe anasema kweli. Lakini alikuwa amejisifu mpaka soko la Oldonyiro kwamba mwaka huu Magal atawafunga watu midomo. Arudi nyuma sasa, achekwe? Angeweza kumwacha Magal nyumbani akampeleka Nakwang peke yake. Lakini yeye awe dereva wa ushindi wa mwenzake? Roho ilikataa. Akampangusa Magal pua kwa leso kuukuu, akaificha leso.

Siku ya safari Ekidor alikuja na Nakwang, kamsafisha mpaka anang'aa.

"Habari ya asubuhi, Halake. Huyu mbona anakohoa?"

"Vumbi tu, ndugu yangu."

Ekidor akanyoosha mkono amshike Magal taya. Halake akaivuta kamba haraka, farasi akageuza kichwa upande wa pili.

"Wallahi ni vumbi!"

Ekidor akashusha mkono. Mwenzake ameapa kwa Mungu. Aulize nini tena? Akafungua mlango wa trela.

Mlima wa Timau ukaichemsha Landrova, wakasimama. Halake akajaza maji kwenye okole, ile ndoo ya ngozi ya Kiborana. Ilikuwa moja tu. Magal alikunywa kwanza, na Halake akaona kamasi ikidondoka majini. Jamani, aliiona kwa macho yake! Kumwaga maji ni kazi ya mkono mmoja. Lakini akiyamwaga, Ekidor atauliza kwa nini. Akanyamaza. Nakwang akainamisha kichwa, akayamaliza.

Nanyuki, Magal alisimama katikati ya mbio akihema, mpandaji akashuka. Nakwang alifika wa kwanza. Ekidor alimkimbilia Halake, akamkumbatia huku machozi yanamtoka.

"Bila gari lako, ndugu yangu, ningefika hapa na nini?"

Halake alipigwapigwa mgongo, akatazama chini.

Jipu la Magal lilipasuka, usaha ukatoka, akapona. Nakwang hakubahatika. Koo lilivimba mpaka ndani, majani yakamshinda, na pumzi yake ikawa inapiga mluzi, majirani wanaisikia. Ekidor alikwenda Kiwanjani kuomba ushauri. Alimkuta Magal amefungwa uani, kidonda kibichi chini ya taya. Saisi mzima, hakuhitaji kuelezwa.

"Uliapa," alisema.

Halake akajifanya anakaza kamba ya Magal.

"Ungeniambia tu, Halake. Tungebaki nyumbani wote wawili, tukangoja mwaka ujao."

Jioni ile Nakwang alikufa, Elizabeth amekishika kichwa chake.

Kesho yake Ekidor aliingia mwenyewe kati ya mikono ya mkokoteni. Halake, kwa aibu, alimleta Magal kwa kamba. "Mchukueni, avute maji."

Elizabeth ndiye aliyejibu. "Utaapa tena kwamba amepona?"

Halake akarudi na farasi wake.

Kabla ya mvua, pipa lilimwelemea Ekidor kwenye mteremko, gurudumu likampita mguuni. Hakutembea vizuri tena, na watoto wakatolewa shule. Trela ilibaki Bulla Pesa, nyasi zikaota ndani. Mashindano yaliyofuata, hakuna aliyekubali kufunga farasi wake karibu na Magal, hata kwa safari ya bure.

Na lile jina? Halake akipita, watoto hupiga kelele, "Abba Vumbi! Abba Vumbi!" Siku moja aligeuka awafukuze, wakatawanyika. Akabaki mmoja, binti wa Ekidor, mtungi wa maji kichwani. Yeye hakuwa amepiga kelele. Alimwamkia kwa adabu, akapita.

Halake aliingia ndani, akalia.

FUNZO

Kushirikiana safari ni kuzuri, na anayeokoa mafuta pamoja na jirani ana akili. Lakini uliyeshiriki naye trela umeshiriki naye pumzi na maji. Mnyama wako akiumwa, piga kelele kama wazee walivyofanya kisimani. Aibu ya kusema "wangu ni mgonjwa" huisha kabla chai haijapoa. Aibu ya kunyamaza, muulizeni Abba Vumbi.