Sura Mpya ya Marcelle

Kiatu ndicho kilichoonekana kwanza. Mpakiaji wa lori alikuwa akizoa majani mabichi kwa mikono miwili, akakivuta akidhani kuna mtu amekisahau, na kiatu kikakataa kuja. Ndani yake mlikuwa na mguu.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwaka 1994, kwenye banda la kununulia majani chai nje kidogo ya Kiptere. Lori lilikuwa lije jioni ya Jumanne, lakini mvua iliharibu barabara, likalala kwenye matope. Majani ya wakulima yakalala bandani, na chini yake akalala Kipyegon, kijana mwenye shamba dogo la chai na mama mjane. Alikuwa amepigwa kisogoni na kitu kizito.

Inspekta Momanyi alifika kutoka Kericho akiwa hajanywa chai, na hali hiyo haikuwahi kumfaidi mtu yeyote. Alikuta umati umezingira banda, ukikanyaga kila alama ya mguu ambayo ingemfaa. Alimtuma Konstebo Adoyo awafukuze, naye Adoyo, mwanamke wa maneno machache na rungu refu, akawafukuza.

Daktari wa polisi alikuwa ameshamaliza kazi yake. Alikuwa kijana, na glavu zake zilikuwa safi mno.

"Mwili bado una joto," alisema. "Amekufa alfajiri hii. Saa mbili zilizopita, au tatu."

Joab, karani wa banda, alisogea karibu. Alikuwa mwembamba, amevaa shati jeupe lenye kalamu tatu mfukoni.

"Afande, alfajiri nimeona Kipkurui akipita hapa na baiskeli. Yule wa kuuza maziwa. Na hao wawili waligombana juzi juu ya ng'ombe kuingia kwa shamba."

Mkuu wa kituo cha polisi hakuhitaji zaidi ya hayo. Kabla ya saa nne Kipkurui alikuwa seli, maziwa yake yakichacha ndani ya gari la polisi. Mkuu wa kituo alitaka afikishwe kortini kesho yake, jalada lifungwe, yeye arudi kwenye mambo yake. Shtaka lilikuwa la kuua, na hukumu yake ni kitanzi. Mkewe, Chepngeno, alikaa chini ya ukuta wa kituo na mtoto mgongoni, akimwambia kila aliyepita kwamba mumewe hata kuku huchinjiwa na jirani.

Kule bandani, Momanyi hakumwamini daktari. Aliinama akajaribu kukunja mkono wa maiti. Haukukunjika.

"Amekakamaa hivi kwa saa mbili?"

"Ni baridi ya huku, afande."

"Baridi. Na umeniambia ana joto."

Daktari akaanza kuziangalia glavu zake.

Momanyi alivua koti, akatumbukiza mkono kwenye rundo la majani hadi begani. Aliutoa umelowa na umepata moto. Majani ya chini yalikuwa yameiva, mekundu, yakinuka. Inspekta alikuwa amelelewa kwenye chai ya Kisii, na utotoni alichapwa mara nyingi kwa kushindilia majani guniani hadi yakaungua yenyewe.

"Majani hutandazwa," alimwambia daktari kwa sauti ya kumfundisha mtoto. "Ukiyarundika, yanachemka. Huyu mtu ametiwa joto usiku kucha. Amekufa jana jioni, bwana daktari, na wewe ulikuwa karibu kunyonga mtu kwa kipimajoto."

Aliagiza picha zipigwe, damu iliyokauka sakafuni ichukuliwe kwa ajili ya maabara, na mwili upelekwe kupasuliwa. Kisha akamwambia Adoyo abaki na karani pale pale bandani, na asiruhusu mtu yeyote kuongea naye. Joab alifurahi. Alidhani ameheshimiwa kama shahidi mkuu.

Sasa, jana jioni Kiptere ilikuwa wapi? Jibu lilikuwa la aibu. Kiptere yote ilikuwa kwenye hoteli ya Kimotho, mbele ya televisheni ya rangi iliyotumia betri ya gari, ikitazama Ridgeford.

Kwa msomaji aliyebahatika kutoujua, Ridgeford ulikuwa mchezo wa Amerika usiotaka kuisha, uliotungwa ili wake wa watu huko kwao wauziwe sabuni, na ulipochakaa ukaletwa huku pamoja na mitumba mingine. Watu wa mchezo huo hawakulima, hawakupika, hawakukohoa. Walikaa kwenye viti vya ngozi wakiulizana baba wa mtoto ni nani. Mwanamke mmoja, Marcelle, alikuwa ameshaolewa na ndugu wawili na baba yao, na sasa alikuwa hospitali, uso wote umefungwa bandeji baada ya moto. Kwa ajili yake wakulima wazima waliacha ng'ombe bila kukamuliwa. Jumanne, baada ya taarifa ya habari ya saa moja, hata wezi wa Kiptere walikuwa likizoni.

Kimotho alimkaribisha inspekta kwa chai na mandazi. Momanyi alikataa mandazi.

"Jana hapa walikuwa nani?"

"Wote, afande. Mpaka mzee wa kanisa."

"Nani hakuwepo?"

"Sasa afande, nani ataangalia watu na Marcelle yuko hapo mbele? Taa nazima. Wanaingia, wanatoka, mimi sioni."

"Yaani watu sitini walikuwa chumba kimoja, na hakuna hata mmoja anayejua aliyekaa kando yake."

"Kipkurui tu ndio tulimwona," alisema Kimotho, akicheka. "Huyo alisumbua! Alisimama mbele ya TV akitukana stesheni. Tulimpigia kelele akae, akakataa. Ikabidi nimshike nimrudishe kwa benchi."

Momanyi aliweka kikombe chini. "Alitukana kwa nini?"

"Si walirudia? Tulingoja bandeji zitolewe, watu wa stesheni wakaweka kanda ile ile ya wiki iliyopita. Mwanzo mpaka mwisho! Wamama walikasirika wakataka warudishiwe pesa ya chai. Kipkurui alikaa hapa mpaka nikafunga, bado analalamika."

Momanyi alilikumbuka jambo hilo. Mkewe mwenyewe, kule Kericho, alikuwa amelala jana bila kumjibu salamu, na alipouliza kosa lake aliambiwa wamerudia ya wiki iliyopita. Hakuwa ameelewa, wala hakutaka kuelewa. Sasa alielewa, na jambo hilo lilimuudhi zaidi.

Watu wengine kumi waliapa vivyo hivyo kuhusu Kipkurui. Kumbe mtu anaweza kuokolewa na ujinga wake. Lakini mkuu wa kituo alikataa kumwachilia mpaka aletewe mwingine wa kuweka mahali pake, kana kwamba seli ni kiti cha kinyozi.

Momanyi alirudi bandani. Joab alikuwa ameketi chini ya mizani ya kuning'inia, miguu imepishana.

"Jana jioni ulikuwa wapi, bwana karani?"

"Kwa Kimotho, kama kila mtu. Nilisimama nyuma, karibu na mlango."

"Uliona nini?"

Uso wa karani ulichangamka. "Afande, kwani wewe unafuata Ridgeford?"

"Naipenda sana," alisema Momanyi, na huo ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote uliosemwa siku hiyo.

"Basi umekosa! Daktari amefungua zile bandeji, polepole, halafu wakaleta kioo. Uso ni mwingine kabisa! Wamebadilisha mwigizaji, afande. Yule wa kwanza alikosana na wenye mchezo, akatoka, wakaandika ya moto na bandeji ndio waingize mwingine. Halafu akaolewa pale pale wodini."

"Na watu walifanya nini?"

"Wamama walilia."

"Walilia kweli?"

"Machozi, afande. Mimi huwaeleza mapema kwa foleni ya mizani, lakini bado wanalia."

Momanyi alivuta gunia, akakaa karibu naye.

"Wamama hawakulia, Joab. Walitukana. Stesheni ilirudia kanda ya wiki iliyopita. Jana bandeji hazikufunguliwa. Hakuna harusi."

Karani alikunjua miguu yake.

"Labda... nilitoka mapema."

"Ulitoka mapema ukaiona harusi?"

Joab alianza kuzipanga upya kalamu zake mfukoni.

"Hakuna mtu Kenya hii ambaye ameuona uso huo. Wewe umeuona wapi?"

Jibu lilikuja na Adoyo. Alikuwa amemwachia inspekta mtu wake na kwenda kupekua chumba cha karani nyuma ya banda. Alirudi na vitu viwili, akaviweka mezani. Cha kwanza kilikuwa jiwe la mizani, lile la chuma la kuhakikisha kwamba mizani haidanganyi.

"Lilikuwa ndani ya pipa la maji. Ameliosha vizuri," alisema Adoyo, "lakini hapa chini ya kishikio kuna nywele."

Cha pili kilikuwa rundo la magazeti ya rangi ya Amerika, yamejaa picha za watu wa Ridgeford. Ndugu yake Kipyegon alikuwa huko Texas, chuoni, akisomeshwa kwa sababu ya mbio zake. Kila mtu Kiptere alijua ni nani tu aliyeletewa magazeti ya namna hiyo.

Joab aliyatazama magazeti, jiwe hakulitazama. Kisha akaanza kulia.

"Kipyegon alikuwa ananisomea," alisema. "Kule wako mbele yetu miaka mingi. Yeye alijua yote. Nani atakufa, nani atafufuka, nani atabadilishwa sura. Alikuwa ananiambia bure."

"Na wewe ukawa nabii."

"Afande, mimi nimepima majani hapa miaka tisa. Hakuna aliyewahi kuniangalia usoni isipokuwa anayefikiri namwibia kilo. Halafu nikawaambia Marcelle hatakufa kwa moto, na hakufa. Wakaanza kuniita mwalimu. Wamama wananiletea mursik, maziwa ya kibuyu. Wazee wananyamaza nikiongea."

"Kipyegon alitaka nini?"

"Hakutaka kitu. Hiyo ndiyo shida. Jana amekuja na majani yake akiwa wa mwisho, wote wameenda hoteli. Akasema, 'Karani, leo nawaambia watu ukweli. Hii kitu ilitolewa kule zamani. Watazamaji waliisha, wenye sabuni wakaondoa pesa yao, ikakatwa katikati. Haina hata mwisho. Watu wanaacha ng'ombe kwa kitu ambacho wenyewe wametupa.'"

"Alisema kweli."

"Nilimwomba angoje, harusi ipite tu. Akacheka."

"Kucheka tu?"

"Akasema, 'Karani, si ni watu wa kuigiza?' Akageuka aende. Nikachukua jiwe."

Alieleza mengine akiwa ameinamisha kichwa. Aliwasha taa, akaona alichofanya, akasikia watu wakitoka hotelini wakipiga kelele barabarani. Alidhani wanashangilia harusi. Akarundika majani yote juu ya maiti, yeye aliyewapigia wakulima kelele kila siku wayatandaze. Alitaka tu kumficha hadi apate pa kumpeleka. Asubuhi lori likafika kabla hajapapata, daktari akasema alfajiri, na Kipkurui alikuwa amepita alfajiri. Joab akaona afadhali huyo wa maziwa.

"Ungemwacha anyongwe?"

"Sikufikiria mpaka huko, afande."

"La, hukufikiria," alisema Momanyi, akamfunga pingu. Alikuwa amewahi kukamata watu walioua kwa shamba, kwa mke, kwa debe la mahindi. Aliwachukia, lakini aliweza kuwaelewa. Huyu hakumwelewa.

Kipkurui aliachiliwa saa kumi. Chepngeno alilia akimshika shati. Yeye mwenyewe hakusema asante. Aliuliza ni saa ngapi, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba stesheni imeomba radhi na itaonyesha harusi jioni hiyo. Momanyi alimwambia aondoke kabla hajamrudisha ndani.

Mama yake Kipyegon alikuwa akingoja kwenye benchi la kituo, kitambaa cheusi kichwani, mikono ingali na madoa ya chai.

"Mmempata?"

"Tumempata, mama. Ni karani. Amekiri."

"Ni shamba?"

"Hapana, mama."

"Msichana?"

"Hapana."

"Kijana wangu aliiba?"

"Hakuiba kitu, mama."

"Basi ni nini?"

Siku nzima Momanyi alikuwa na maneno makali ya kutosha. Sasa alitafuta hata moja lisilo na dharau, ambalo mwanamke huyu angeweza kwenda nalo nyumbani, akakosa. Akamweleza kama lilivyokuwa: mchezo wa televisheni, Marcelle, bandeji, karani aliyetaka kusikilizwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nyumbani kwake hapakuwa na televisheni.

"Huyo Marcelle," aliuliza, "ni mtoto wa nani?"

"Si mtoto wa mtu, mama. Hayuko."

Mama aliyatazama madoa ya chai mikononi mwake.

"Wangu alikuwako," alisema.