Mtandao wa Chumba Kilichozibwa

Nikuulize wewe unayesoma: umeme ukikatika mtaani kwenu, friji ikanyamaza, saluni ikazima, feni ikajizungusha mara mbili tatu ikasimama, ni kitu gani bado kinakuita kwenye simu yako?

Usijibu haraka. Nuriat naye alidhani analo jibu, na yeye ana digrii ya kompyuta, digrii nzuri, iliyokaa miaka minne ndani ya bahasha ya kaki bila kumpa hata kazi ya kuuza chapati. Binti wa Kinubi, mdomo mkali kama wembe mpya. Alikuwa amechapa CV pale mtaani Wandegeya mara nyingi mno, hadi mwenye printa aliijua tarehe yake ya kuzaliwa kuliko wajomba zake.

Basi mzee Erinayo, mwenye hosteli ya wanafunzi, alipomwambia njoo ujaribiwe wiki moja, Nuriat alikwenda mbio. Mzee mwenyewe anakaa Bugolobi kwenye hewa safi. Hosteli anakuja kuitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa maziwa.

"Wifi iwake kabla ya Ijumaa," alisema, "nikupe barua ya ajira. Ya kudumu. Isipowaka, kale, weeraba, kwaheri."

Akamsukumia boksi la biskuti. Ndani mlikuwa na kikompyuta cha ukubwa wa kitambulisho, ubao mtupu wa kijani wenye vitundu vya kuchomekea nyaya. Hakina kioo. Hakina chochote cha kuandikia. Ndicho kilichokuwa kikisimamia mtandao wa hosteli zamani, kikikaa mezani pa mapokezi.

"Kibodi iko wapi, ssebo?"

"Kibodi? Wewe si graduate? Graduate kibodi ya nini?"

Akacheka peke yake, akaingia garini.

Njia ipo, na Nuriat aliijua. Unachomoa memori kadi, unaitia kwenye laptop, unaandika faili fupi: mstari wa jina la wifi, mstari wa paswadi. Unairudisha kadi, unachomeka umeme, unasubiri taa ya kijani ikonyeze. Kikompyuta kinasoma maagizo yake, kinautafuta mtandao ulioandikwa, kinajiunga chenyewe. Hakibembelezwi. Kinafuata kilichoandikwa, basi.

Lakini kwenye kadi tayari mlikuwa na faili la mtu mwingine. Jina la mtandao: NYUMBANI KWA MARIE-LOUISE.

Fundi aliyenitangulia na mapenzi yake, Nuriat alisema moyoni. Akalifuta. Akaandika ERINAYO HOSTEL. Akachomeka. Taa ikakonyeza mara tatu, ikapumzika, ikakonyeza mara moja. Akatazama orodha ya rauta mpya ya hosteli: hakuna kitu kilichojiunga. Akaichomoa kadi, akaifungua.

Faili lake halikuwepo. Lilikuwepo lile la zamani.

Akarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu alisikia harufu: waya ulioungua, na chini ya harufu hiyo nyingine tamu-tamu, kama nyama iliyosahauliwa kwenye sigiri. Akageuka. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa mtupu, mchana kweupe, jua limelala sakafuni kama kawaida.

"Olal!" akamwita mlinzi wa geti. "Marie-Louise ni nani?"

Olal ni mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake ni cha kambini. Alikuja, akaona kioo cha laptop, akarudi nyuma hatua mbili.

"Madamu, hiyo jina hapana soma kwa sauti."

"Jina gani? Marie-Louise?"

"Mimi nasema hapana soma, wewe nasoma!" Akatupa macho kwenye ukuta wa chini ya ngazi, kando ya geti, akayaondoa haraka. "Funga hiyo kitu. Andika jina ingine."

"Nimeandika mara tatu."

"Basi andika mara ya ine," akasema kwa sauti ya chini, akaenda kusimama nje, juani.

Jumatano akaja mama mmoja, kama ajavyo kila mwezi. Mkongomani wa Bukavu, vitenge vimepangwa begani, viatu vimeliwa upande mmoja kwa kutembea. Nuriat alikuwa amekaa hapo hapo kwenye ngazi na laptop mapajani.

"Jambo, papa Olal. Mutoto yangu hajaandika?"

"Bado, mama Marie-Louise. Canada iko mbali."

"Canada hakuna simu? Miezi kumi na ine! Heritier, hata akinikasirikia, hawezi kupitisha Noeli bila kuniuliza kama nilikula." Akamgeukia Nuriat. "Na wewe, mwana yangu, uko fundi ya bile vitu? Heri yangu naye alikuwa fundi. Alilalaka hapa hapa, na kazi yake. Haukumusikia kwa wenzako?"

Nuriat aliinamia laptop. Jina la mama huyu lilikuwa mbele yake kwenye kioo. Lakini Ijumaa nayo ilikuwa mbele yake, pamoja na barua yake ya ajira.

"Sijui, mama," akasema. "Mimi mgeni hapa."

"Asanti, mwana yangu. Mungu akupe kazi."

Wakati mama anajitwisha vitenge vyake, kitu kiligonga ndani ya ukuta. Mara tatu. Kikapumzika. Mara moja. Olal akaanza kukohoa kwa nguvu, kikohozi cha uongo, mpaka mama alipovuka barabara.

Alhamisi, saa sita mchana, wanafunzi wako darasani, umeme ukakatika. Wandegeya nzima ikashusha pumzi. Mashine za kuchapa kimya. Redio ya jirani kimya. Nuriat akaitazama simu yake kwa mazoea tu. Kila siku orodha ya wifi pale ni ndefu kama foleni ya kutafuta kazi, maduka, hosteli, vibanda vya rolex, zile chapati za mayai. Sasa majina yote yalikuwa yamefutika. Limebaki moja.

NYUMBANI KWA MARIE-LOUISE. Mstari mmoja wa nguvu.

Akasimama. Akapiga hatua kuelekea getini, mistari ikawa miwili. Akarudi nyuma, mmoja. Akaenda tena, na sasa alikuwa akitembea kama mtu anayevutwa kwa mkono na mtoto, mistari miwili, mitatu, harufu ya waya ikimpanda puani, plasta ya ukuta wa chini ya ngazi ikionekana wazi kuwa ni mpya kuliko plasta ya pande zote, laini, imepigwa haraka, na alipoinua simu karibu nayo mistari ikajaa yote, na ukuta, ambao ulipaswa kuwa baridi kama kuta zote za simenti kivulini, ulikuwa na joto, joto la mgongo wa mtu aliyelala na homa, na ndani yake kitu kikagonga mara tatu, kikapumzika, kikagonga mara moja, na nyuma yake, juu ya meza, kikompyuta kisichochomekwa popote kikawa kinakonyeza vilevile, pigo kwa pigo.

"Bismillahi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Paswadi alikuwa nayo, ilikuwa ndani ya lile faili. Akajiunga. Akafungua orodha ya vifaa vilivyomo. Vilikuwa vitatu. Simu yake. Kikompyuta. Na cha tatu kiliitwa heritier, kimeunganishwa kwa muda wa miezi kumi na minne bila kukatika hata dakika.

Mtu mwingine angekimbia. Lakini bibi yake, Maimunah, aliyekuwa akiwafukizia watu bakhuri na kusema na vilivyowapanda, alimfundisha jambo moja: usikifukuze kitu kabla hujakiuliza kinataka nini. Na huyu angemuulizaje? Kikompyuta hakina kibodi. Kina mdomo mmoja tu, kadi.

Akaitia kadi kwenye laptop, ambayo bado ilikuwa na chaji kidogo. Pale pa jina la wifi akaandika: *Wewe nani? Unataka nini?* Akairudisha. Taa ikawaka, ikatulia muda mrefu, kama mtu anayesoma polepole. Ikakonyeza. Ikazima.

Akaichomoa. Ilikuwa ya moto hata akaidondosha. Faili lilikuwa na mstari wake, na chini yake mistari isiyo yake.

*mlango umefungwa kwa nje*
*moshi umefika magotini*
*napiga ukuta olal ananisikia*
*mwambieni mama sikwenda canada*

Nuriat akalisoma mara moja, hakuweza mara mbili. Canada. Hilo neno halikuwa la siku ya moto. Lilikuwa la baadaye. Maana yake Heritier alikuwa akisikia. Kila mwezi, hatua tatu kutoka getini, alikuwa amemsikia mama yake akiuliza, na amemsikia Olal akidanganya.

Alimkuta Olal amechuchumaa nje, kofia mkononi. Olal alipouona uso wake hakungoja swali.

"Rauta iliibiwa mara mbili," alinong'ona. "Mzee nasema kijana alale ndani ya chumba ya ngazi na mashine, ifungwe kwa nje, ufunguo iende Bugolobi. Kila siku. Ile siku waya nashika moto. Mimi napiga mlango na bega, mlango ya chuma. Mimi napigia mzee simu. Yeye nasema ngoja, niko kwa mkutano." Akaifinya kofia. "Asubuhi nakuja fundi ya matofali."

"Hamkumtoa?"

"Mzee nasema polisi wakija, hosteli nafungwa, wanafunzi nahama. Madamu... mimi niko na watoto sita."

"Na yeye ana mama mmoja!"

"Pole pole, banange," Olal akasema, macho kwenye ukuta. "Anasikia."

Watu wengine huita hili jini. Jini gani huyo, ana mama anayeuza vitenge?

Ijumaa Erinayo akafika na barua. Karatasi nzuri, muhuri, jina la Nuriat limeandikwa bila kosa, jambo ambalo chuo kilishindwa kwenye cheti. Nuriat aliitazama ile sahihi na tumbo lake likamsaliti, likafurahi.

"Wifi imewaka?"

"Imewaka. Ila imekataa jina lako. Chumba cha chini ya ngazi kina nini, ssebo?"

Mzee hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Nuriat kuliko joto la ukuta.

"Simenti," akasema. "Binti, nchi hii ma-graduate ni wengi kuliko mbu. Nikipiga mluzi mmoja watajaa hapa mia, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza habari za ngazi. Chukua barua. Chukua, nnyabo."

Na getini sauti ikasema, "Jambo, papa Olal."

Alikuwa amekuja Jumatano tu, na mwezi haujapita. "Nimeota ananiita," mama Marie-Louise alikuwa akimwambia Olal. "Nikasema niulize tena."

Olal akasogea pembeni, akamwachia njia.

Nuriat aliiweka barua juu ya meza, kifudifudi, kama mtu anayefunika uso wa maiti. Akaenda akamshika mama mkono, akampeleka kwenye ukuta, akampa simu. Mama akasoma jina lake mwenyewe kwenye kioo, herufi kwa herufi, midomo ikitembea. Akaweka kiganja kwenye plasta.

"Heri?"

Mara tatu. Pumziko. Mara moja.

"Ni vile alibishaka hodi kwangu," akasema taratibu. "Tangu mudogo."

Kisha akapiga ukelele ambao sitauandika.

Erinayo alikibamiza kikompyuta sakafuni, akakisaga kwa kiatu mpaka kikawa vipande, akaichana barua, akamfukuza Nuriat na kumfukuza Olal. Mama hakufukuzika. Alikaa chini, mgongo ukutani, na hapo ndipo alipo.

Jioni ile ile simu ya Nuriat ikaita. Ilikuwa Bugolobi.

"Binti," Erinayo alinong'ona. "Iko hapa. Hilo jina. Mistari yote imejaa. Nimezima rauta, nimezima nyumba nzima, inazidi. Na milango... milango haifunguki kwa ndani. Njoo uitoe. Nitakuandikia barua nyingine."

Nyuma ya sauti yake kitu kiligonga mara tatu.

"Ssebo," Nuriat akasema, "wewe si tajiri? Tajiri fundi wa nini?"

Akakata.

Basi, mzee Erinayo, ufunguo unao wewe. Na wewe mkaguzi wa majengo, uliyekula chai yako ukatia sahihi kwamba jengo lile ni salama, bila kushuka garini: mama bado amekaa pale, vitenge vyake vimeshika vumbi. Leteni nyundo. Vunjeni ukuta mchana, watu wakiona, mmpe mama mtoto wake mikononi. Leo. Kabla Heritier hajamaliza kugonga kwenu na kuanza kuingia.